Ukurasa wa Kutua

Kagarama, Kigali
13 Septemba 1992

Wifi yangu Xavérine,

Nakusalimu wewe na wanafunzi wako wote wa Mwanza. Huku tunapumua. Mvua ya kupandia maharagwe imechelewa, na cherehani yangu imevunjika sehemu ya kukanyagia, nikaifunga kwa waya, kazi inaendelea. Liliane ametimiza miaka kumi na saba na amenipita kwa urefu. Audace yuko Kabuga, anamsaidia kaka yangu Munyaneza dukani. Analala huko huko, kwa hiyo usishangae usipopata barua yake. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda chako kimeshika kutu tangu ulipokimbia mwaka sabini na tatu, na sitaki useme baadaye kwamba hukuelewa.

Bon. Umemwandikia nini mwanangu Liliane?

Tangu mwezi wa saba anakokota kreti za bia kutoka baa ya jirani, anazipanga uani, anapanda juu, anaruka chini. Kisha anapanda tena. Na si peke yake. Wanakuja wasichana wengine saba wa timu yao ya mpira, wamevaa kaptula, na kocha wao, Mutsinzi, anasimama kwenye geti na saa mkononi anahesabu. Nilipomuuliza Liliane mambo hayo kayatoa wapi, akasema, "Kwa Shangazi." Akaendelea kuruka.

Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alinifundisha nilipoolewa na kaka yako kwamba msichana haruki, hapandi paa, hapigi mluzi. Na wewe ndiye masenge wake, dada wa baba. Kwa desturi yetu ni kazi yako kumfundisha binti namna ya kukaa na watu. Wewe unamfundisha kuruka. Hata Audace, ambaye jembe lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto akiwa na miaka saba, alicheza mpira miaka yote bila kupanda kreti.

Unajua hali ya huku, na kama hujui nakuambia. Siku hizi kila kundi linalokimbia asubuhi barabarani lina chama nyuma yake, na kila chama kina watu wake wa kuandika majina. Konseye, mkubwa wa sekta yetu, alipita mbele ya nyumba akasimama. Akawahesabu wasichana kwa kidole. Akaniuliza wanajiandaa kwa jambo gani. Nikasema mpira. Akasema, "Mpira iko chini, mama. Hawa wanaruka ukuta gani?" Nikashika ufagio. Mimi, Générose, nikafagia mbele ya geti langu mpaka akaondoka.

Barua yako ya mwisho kwa Liliane ilifika imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi mbaya. Kwa hiyo nijibu vizuri, ukijua unasomwa na wengi.

Wifi yako,
Générose


Mwanza
18 Oktoba 1992

Mama Audace,

Barua yako ameniletea Ndihokubwayo, yule dereva Mrundi wa lori la chumvi. Ameifikisha bila kukunjwa hata pembe. Pole na cherehani. Hapa joto limepanda, maji ya bomba yanatoka siku yanapojisikia, na goti langu la kulia linanisumbua kila ninapopanda kilima cha shule. Wameniongezea kipindi cha historia zaidi ya vile vya michezo, kwa sababu mwalimu wa historia ameolewa akahamia Tabora.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikakaa kuandika.

Liliane aliniandikia mwezi wa sita. Alisema mwenzake Ingrid, beki wa timu, aliruka kupiga mpira kwa kichwa, hakuguswa na mtu, akashuka na goti likaingia ndani. Tangu siku hiyo anatembea na gongo. Liliane akauliza: Shangazi, mbona hakuguswa? Wifi, nimefundisha michezo miaka kumi na miwili, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtu wa familia yetu ameniuliza kuhusu kazi yangu. Nililijibu kwa furaha, sikufichi.

Nisikilize basi. Msichana akikua nyonga zinapanuka, na akitua kutoka juu, magoti yake hupenda kukutana katikati. Mvulana akitua, mara nyingi magoti hubaki juu ya vidole vya miguu. Tofauti ni ndogo, lakini goti lililokwenda ndani likibebeshwa uzito wa mwili mzima, kano inakatika. Dawa yake si kuacha kuruka, maana mpira wenyewe ni kuruka. Dawa ni kuruka na kutua, kuruka na kutua, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati, mpaka mguu ujue wenyewe bila kuambiwa. Alitufundisha Mcuba mmoja chuoni mwaka sabini na tisa. Nilikuwa mrukaji hodari, nikashika nusu ya somo lake, nusu ya kwenda juu. Ya kutua niliidharau. Goti ninalokulalamikia kila barua ndiyo faida niliyopata.

Kreti sikumwambia mimi. Amezitoa kwa huyo Mutsinzi au kichwani mwake, na zimenitia hofu. Ndiyo maana naambatisha karatasi mbili. Ya kwanza ina aina za kuruka na idadi yake: kuruka papo hapo, kuruka kamba kwa upande, kuruka mbele kwa miguu miwili, na mengine. Ya pili ni ya kutua, na inasema wiki gani apande kreti na wiki gani asithubutu. Ya pili ndiyo kazi yenyewe. Ya kwanza bila ya pili ni hatari. Mpe zote mbili, mkononi.

Sasa na mimi nikuulize. Audace huniandikia kila mwezi wa tisa, siku yangu ya kuzaliwa, tangu alipojua kushika kalamu. Mwezi wa tisa huu, kimya. Duka la Kabuga halina kalamu? Na kwa nini barua yako inanieleza analala wapi kabla sijauliza?

Wifi yako asiye na kutu,
Xavérine


Kagarama
29 Novemba 1992

Wifi Xavérine,

Salamu. Mvua imekuja yote kwa mara moja na maharagwe yameoza shambani. Liliane mzima. Audace mzima, kalamu anayo, kazi ni nyingi. Karatasi zako zimefika. Mtoto nimempa.

Kwanza nina ombi. Kwenye bahasha usiandike tena Mama Audace. Andika Générose, jina lililo kwenye kitambulisho changu. Bahasha inapita mikono mingi, na sipendi jina la mtoto lisomwe na kila mkono. Hata ndani ya barua uliache.

Pili nina maswali. Umeandika kwamba akitua asitoe sauti, mtu aliye chumba cha pili asimsikie. Asimsikie nani? Umeandika waanze kwa miguu miwili, kisha mguu mmoja, kisha wabadilishe upande wakiwa hewani. Umeandika ikifika wiki ya sita atakuwa tayari. Tayari kwa nini? Umeandika asiwaonyeshe watu wasio kwenye mazoezi. Unasema wataiga vibaya na kuumia. Mimi ni fundi wa nguo, nikiona vipande vimekatwa najua ni shati au ni suruali. Mtu anayefundishwa kuruka, kutua kimya na kufunga mdomo anaandaliwa safari.

Mutsinzi nilimweka kwenye kiti nikamuuliza kwao ni wapi, ni wa chama gani, na kwa nini hajaoa. Akasema anapenda mpira. Mwanamume wa miaka thelathini anayependa mpira tu, kwa wakati huu tulio nao, mimi sijamwelewa. Nilimpa chai. Hakuimaliza, na hilo pia nimeliona.

Générose


Mwanza
6 Januari 1993

Générose, maana jina nililolizoea umelikataa,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumba yangu ina mdomo mmoja zaidi wa kulisha tangu Novemba, imebidi ninunue sufuria kubwa na godoro. Samaki ni wengi, namshukuru Mungu. Wanafunzi wangu wamekuwa wa pili mkoani kwa netiboli na hawajaacha kuringa.

Ukurasa wa pili uko wapi?

Usiniambie umempa. Liliane ameniandikia mwenyewe, tarehe 10 Desemba, kwa posta: "Shangazi, asante kwa karatasi, tumeanza na wenzangu. Ila hukutuambia tukishuka tufanyeje." Nimeisoma mara tatu. Wewe unaninukuu mistari minne ya ukurasa huo, na yeye hajui kama upo. Siwezi kusema ni posta. Posta haichukui ukurasa mmoja ikakuachia wewe maneno yake kichwani.

Nitarudia hapa, na wewe umsomee kwa mdomo wako. Atue kwa mbele ya wayo, kisha kisigino. Magoti yakunjwe, makalio yarudi nyuma, afanye kama anayetaka kukaa kwenye kigoda. Magoti yawe juu ya vidole vya miguu, yasitazamane. Sauti ndiyo kipimo chetu. Mguu ukipiga kishindo, pigo limeingia kwenye goti. Mguu ukiwa kimya, pigo limepokelewa na nyama ya paja. Ndiyo maana nikataja chumba cha pili. Hakuna mlinzi hapo, wifi, wala hakuna mpaka. Akishatua, agande hapo hapo. Asiruke tena mpaka ahesabu moja mpaka tano bila kuyumba. Akiyumba, anaanza upya. Kreti ni wiki ya tano, moja tu, juu ya nyasi, si juu ya saruji ya ua wako.

Msomee leo. Mengine tutagombana baadaye, tuna umri wote.

Habari za Audace sikuulizi tena. Msalimie tu.

Xavérine


Kagarama
25 Aprili 1993

Wifi,

Barua hii haipiti posta. Nimeishona ndani ya bitana ya koti la Ndihokubwayo, mwenyewe anajua, kwa hiyo leo nitasema.

Yako ya Januari imenifikia juzi. Mwezi wa pili vita vilishuka karibu, watu wa kaskazini wakakimbia na magodoro kichwani, njia ya Gatsata mpaka chini Nyabugogo ikajaa, malori yakasimama, posta ikafunga mdomo. Barua yako ilikaa miezi mitatu kwenye mfuko wa nani sijui. Ingefika Februari, nisingekuwa naandika haya.

Liliane ameumia. Ilikuwa Jumapili tarehe 14 Machi, baada ya misa, hapa uani. Alikuwa juu ya kreti mbili. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia kishindo, kisha sauti nyingine ndogo, ya kitu kikavu. Nilipotoka alikuwa ameketi kwenye saruji ameshika goti la kushoto kwa mikono miwili, na wenzake wamesimama hawajui waangalie wapi. Daktari alisema kano imevutika, haijakatika. Akikosea mara ya pili itakatika, na hapo mpira umekwisha. Mwezi wa saba timu ya Butare inakuja kucheza nao, ndiyo siku aliyokuwa akiingojea mwaka mzima. Hajalia. Anakaa kwenye geti anawatazama wenzake, yeye na Ingrid, gongo katikati yao. Mimi najichoma sindano vidoleni.

Ukurasa wa pili niliuchoma. Niliutia kwenye mbabura, jiko langu la makaa, nikachemshia chai juu yake. Ile chai nilimpa Mutsinzi.

Nakuambia kwa nini. Audace hayuko Kabuga. Tangu tarehe 9 Agosti mwaka jana hayuko mahali popote ninapopajua. Alianza kwa kukimbia alfajiri. Wiki tatu, kila siku, akirudi anaruka kamba uani, anasema ni kwa ajili ya mpira. Niliamini. Nilimkaangia mayai apate nguvu. Asubuhi moja akatoka kukimbia, hakurudi. Walikuwa wamemfukuza kazi ghalani mwezi uliotangulia kwa ajili ya neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, neno la kabila, na nilijua vijana wa rika lake waliokwenda kujiunga na wale wanaopigana mpakani. Konseye akiuliza, nasema Kabuga. Munyaneza anasema Kabuga. Liliane anasema Kabuga. Nimesema hivyo mpaka siku nyingine nikishuka basi pale Kabuga namtafuta kwa macho.

Halafu huyu wa pili naye anaanza kuruka uani, na karatasi inakuja kwa shangazi yake aliye nje inasema atue kimya, ndani ya wiki sita atakuwa tayari. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Lakini na wewe sijakumaliza. Uliuliza habari za Audace kwa ukali, ukanishika hasa. Kisha Januari ukaacha ghafla. "Msalimie tu." Watu hawaachi hivyo, Xavérine, hasa wewe. Ama unajua aliko, ama ni wewe uliyemwita, na huyu binti ulitaka amfuate kaka yake. Kama ni hivyo niambie nijue. Nakuchukia kidogo wakati naandika haya.

Na bado nakuomba. Ya Januari nimemsomea neno kwa neno. Anasema ameelewa, lakini akiwa hewani hayaoni magoti yake, na akishuka hajui miguu ikae wapi. Anaogopa. Mtoto huyu hakuwahi kuogopa kitu, nimemfundisha mimi. Mtumie kitu anachoweza kukiona.

Générose


Mwanza
30 Mei 1993

Mama Audace,

Najua ulinikataza jina hilo. Nimelirudisha.

Ndihokubwayo amepekuliwa mpakani Rusumo mpaka soli za viatu, siku mbili tu baada ya kunikabidhi ya kwako, na ameapa hatabeba tena karatasi ya mtu. Kwa hiyo hii inapita posta, na namsalimu kwa heshima kila atakayeisoma njiani. Ni barua ya mwalimu wa michezo kuhusu goti la msichana.

Pole ya mtoto, na pole yako. Nilikuwa na maneno makali ya kukuandikia, niliyapanga siku mbili nzima. Kisha nikakumbuka mimi mwenyewe nilifundishwa ukurasa huo na Mcuba, uso kwa uso, bila mtu wa kunichomea, na bado sikuusikiliza. Sasa sina ninalokudai.

Swali lako la mwisho nalijibu hivi: sikumwita mtu. Niliacha kuuliza kwa sababu sikuwa tena na haja ya kuuliza. Zaidi ya hapo, tazama karatasi kubwa niliyoikunja humu. Itazame wewe kwanza, kabla ya mtoto, na uitazame vizuri kama unavyokagua mshono wa mtu mwingine.

Ni karatasi ya mfuko wa saruji. Nyayo mbili zimechorwa kwa kupitisha kalamu pembeni mwa mguu, kidole kwa kidole, ukubwa wake kamili. Liliane aitandaze juu ya nyasi, aibane kwa mawe, na atue juu yake. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vitazame mbele. Wewe simama mbele yake utazame magoti. Yakianza kutazamana mwambie. Yeye hayaoni, wewe unayaona, ndiyo kazi yako kuanzia sasa. Aanze na kuruka kidogo, kimo cha kitabu. Kreti zirudi baa.

Nyayo si zangu, zangu zimepinda na haziwezi kufundisha mtu. Nilimsimamisha mtu anayekaa hapa kwangu tangu Novemba. Alisimama vizuri, isipokuwa alicheka kalamu ilipomtekenya. Anapakia marobota ya pamba kiwandani, jioni anacheza mpira na walimu. Anakohoa kidogo kwa vumbi la pamba lakini anakula kwa watu wawili. Alifika kwangu amekonda, anataka apumzike siku mbili tu na aendelee mbele. Nikamwambia mtu hasogei kabla hajaacha kuyumba, ndiyo sheria ya nyumba hii. Akaniona mkorofi. Lakini bado yupo.

Wifi yako,
Xavérine


Kagarama
22 Agosti 1993

Wifi yangu Xavérine,

Huku watu hawana habari nyingine ila ile amani iliyotiwa saini Arusha. Wengine wanacheza barabarani, wengine wananuna, na mimi nashona. Konseye amenisalimia yeye kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea, na sijui nilichukulieje. Maharagwe ya msimu huu yamekubali. Cherehani imepata kikanyagio kipya. Na barua hii haipiti posta, nimeishona ndani ya pindo la gauni la mama mmoja wa parokia anayekuja Mwanza.

Bahasha yako ilifika mwezi wa sita, imefunguliwa, gundi ile ile mbaya. Mtu aliitandaza karatasi ya nyayo akaitazama kwa muda wake, maana kuna alama ya kikombe pembeni. Kisha akagonga muhuri wa ofisi juu ya kisigino cha kulia, akaikunja, akairudisha. Hakuona kitu. Ni miguu tu.

Nilitazama mimi kwanza, kama ulivyosema. Niliitandaza juu ya meza ya kukatia nguo. Mguu wa kushoto una vidole vinne. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Nikaweka kidole changu pale pasipo na kidole, nikakaa hivyo mpaka makaa yakazimika na pasi ikapoa mkononi. Liliane akaja akaniuliza nina nini. Nikamwambia, hesabu. Akahesabu. Akaketi chini kwenye vitambaa, na hapo ndipo alipolia, machozi ya mwaka mzima.

Wifi, nilikuandikia kwamba nakuchukia kidogo. Nafuta.

Karatasi yenyewe nimeiweka mahali, usiniulize wapi. Lakini nyayo nilizihamishia kwenye turubai kwa uzi mwekundu, mshono maradufu, vidole tisa kama vilivyo. Wasichana wote wa timu wanatua juu yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kimepungua nini. Ingrid ndiye anayehesabu. Mimi nasimama mbele na kutazama magoti, na Mutsinzi amenikabidhi saa yake. Nimemwomba radhi kwa ile chai. Anapenda mpira tu, masikini, hana jambo jingine.

Tarehe 25 Julai walicheza na Butare. Liliane aliingia kipindi cha pili. Aliruka mara mbili kwa kichwa katikati ya watu, na mara zote mbili mimi sikutazama mpira umekwenda wapi. Magoti yalitazama mbele. Walifungwa mabao mawili kwa moja, na nilirudi nyumbani nikiimba, watu wakanishangaa.

Sasa mpe salamu zangu mwenye nyayo. Mwambie dada yake anatua juu ya miguu yake kila jioni na haumii. Najua huko kuna watakaomwambia aendelee mbele kwa sababu wenzake wameendelea. Najua huku kuna watakaomwita arudi kwa sababu amani imekuja, na mimi mwenyewe, mama yake aliyemzaa, usiku na mchana natamani kumwita. Simwiti. Miezi miwili nimesimama mbele ya watoto wa watu nikitazama magoti, najua sheria yake sasa.

Mwambie amekwishatua. Agande hapo hapo. Ahesabu mpaka tano, na akimaliza aanze upya.

Mama Audace